Msikiti na Nyumba ya Jumuiya: Tarikhi ya Waislamu wa London ya Mashariki

Msikiti ni nyumba ya ibada. Walakini baada ya sala, mtoto ataka kufundishwa, mjane ataka shauri, kijana ataka kazi, na maiti ataka kuoshwa na kuzikwa kwa heshima. Namna ya kuyakusanya mambo hayo mahali pamoja, Waislamu wa London ya Mashariki walijifunza kwa muda wa karibu miaka 100, na tarikhi yao yafaa kuzingatiwa na kila jumuiya.

Mwaka wa 1910 wakubwa wa Kiislamu waliokuwa Uingereza, wakiongozwa na Syed Ameer Ali, walikutana katika Hoteli ya Ritz wakaanzisha Mfuko wa Msikiti wa London. Fedha zilikuja kidogo kidogo, na kwa miaka mingi sala ya Ijumaa ilisaliwa katika vyumba vya kukodi. Waliohitaji msikiti zaidi hawakuwa wakubwa hao, bali mabaharia wa Kibengali, Kisomali na Kiyemeni walioshuka bandarini, wageni wasio na jamaa. Ndipo Mfuko ukanunua nyumba tatu katika Commercial Road, na mwaka wa 1941, vita vikiwa vikali, msikiti ukafunguliwa humo.

Mwaka wa 1975 nyumba hizo zilitwaliwa na serikali, na waumini wakasali katika majengo ya muda. Walisubiri miaka 10. Mwaka wa 1985 msikiti mpya wenye kuba na mnara ulifunguliwa katika Whitechapel Road, kwa michango ya waumini na msaada mkubwa wa Mfalme Fahd wa Saudia. Haukupita muda mrefu, ukajaa. Watu walisali nje barabarani, na watoto wa madrasa wakakosa nafasi.

Kando ya msikiti palikuwa na kiwanja kitupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikatakiwa na matajiri wa kujenga nyumba za kuuza. Lau Waislamu wangalidai peke yao, huenda sauti yao isingalisikika. Lakini walikuwa wamekwisha kujiunga na TELCO, umoja wa wakaazi uliokusanya misikiti, makanisa, shule na vyama vya wafanya kazi. Wasiokuwa Waislamu walisimama pamoja nao, kwa kuwa haja ya mtaa ilikuwa moja, na halmashauri ya Tower Hamlets ikakubali kiwanja kitumiwe kwa manufaa ya wakaazi.

Jengo liligharimu zaidi ya pauni milioni 10. Waumini walichanga, wanawake wakitoa hata mapambo yao; na sehemu nyingine ilitoka katika halmashauri, katika shirika la maendeleo la London, na katika mfuko wa Umoja wa Ulaya. Tarehe 11 Juni 2004 lilifunguliwa kwa jina la London Muslim Centre, na Sheikh Abdur-Rahman as-Sudais, Imamu wa Msikiti Mtukufu wa Makka, akasalisha.

Fedha za serikali haziji bila sharti: hesabu hukaguliwa, na mlango hufunguliwa kwa kila jirani. Wazee wengine katika kila mji huliogopa sharti hilo, wakihofia kwamba nyumba ya Mungu itageuka ofisi. Whitechapel walitenganisha: sala ikabaki msikitini, na huduma zikawekwa katika jengo la pili, yaani kumbi, shule, malezi ya watoto wadogo, na mashauri kwa wenye shida. Hata khutba za Ijumaa zilitumiwa kuwahimiza wazazi wasiwaache watoto kutoroka shule. Mwaka wa 2013 kikaongezwa Kituo cha Maryam kwa ajili ya wanawake, na mwaka wa 2015 msikiti ukanunua jengo la sinagogi la Mayahudi lililopakana nao, lililojengwa mwaka wa 1899.

Katika habari hizi mna mafundisho matatu. Kwanza, jengo hufuata haja ya wanyonge. Pili, jirani si adui, awe wa dini yo yote. Tatu, mali ya jumuiya ni amana: anayejitolea bila mshahara na anayelipwa na serikali, wote wataulizwa. Jumuiya ikosayo daftari la hesabu hupoteza msaada wa serikali, kisha imani ya watu wake yenyewe.

Mwenyezi Mungu azijaalie jumuiya zetu umoja na uaminifu. Amin.