Ngome ya Karema na magendo ya watu

Likitajwa neno magendo, wengi wetu hukumbuka mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, sabuni na sukari zilipofichwa uvunguni. Lakini huko Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, historia inatukumbusha magendo mabaya zaidi. Bidhaa yake ilikuwa binadamu.

Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko lao la Unguja. Soko lilifungwa, biashara haikufa. Misafara kutoka Manyema na Marungu iliendelea kuvuka ziwa kwa mashua na mitumbwi, watu na pembe za ndovu pamoja.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, alianzisha kituo Karema. Ngome ikajengwa karibu na maji. Lakini miaka ile ziwa lilikuwa likipungua, na ngome ikabaki nchi kavu, ikiutazama mwambao kwa mbali. Mwaka 1885 Leopold, akiwa amekwisha kujipatia Kongo, aliwaachia Mapadri Weupe kituo hicho.

Mapadri hao walikomboa watoto. Na kukomboa maana yake kulikuwa kulipa. Mtoto alipona kweli, wala hatuna haki ya kumbeza aliyemponya. Lakini muuzaji naye aliondoka na malipo yake, na mwenye kupata faida hurudi tena.

Mmoja wa waliokombolewa ni Adrien Atiman. Alitekwa angali mtoto katika nchi za Mto Niger, akakombolewa huko Sahara, akasomeshwa uganga Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu wa mwambao ule hadi alipofariki mwaka 1956. Tujiulize ni Atiman wangapi waliovushwa usiku bila kukombolewa na mtu.

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, miaka 49 baada ya mkataba wa Barghash. Ngome peke yake haikuweza. Leo bado tunalinda ndovu wa Katavi dhidi ya majangili, na somo ni lile lile: ukimkamata mchukuzi ukamwacha mnunuzi, kesho utamkamata mchukuzi mwingine.