Kuchagua Utafiti wa Tiba Wakati wa Janga

Janga la ugonjwa linapozuka, maandiko ya kuomba kibali cha utafiti hufika kwa wingi, ilhali wagonjwa wanaoweza kushiriki, wahudumu na fedha havitoshi kwa yote. Tafiti nyingi ndogo zikigawana wagonjwa wachache, kila moja huweza kumalizika bila jibu la kuaminika, na sadaka ya mgonjwa aliyejitoa kwa nia njema ikapotea.

Kwa hiyo wanaopitia maandiko hayo huuliza: Je, swali linaloulizwa litabadili matibabu ya wengi? Je, idadi ya washiriki inatosha kutoa jibu? Je, manufaa yanayotarajiwa yanalingana na hatari? Je, ridhaa ya mgonjwa inaheshimiwa?

Uingereza ilitoa mfano mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19. Viongozi wakuu wa tiba nchini humo walizihimiza hospitali kuwaandikisha wagonjwa katika majaribio machache ya kitaifa yaliyopewa kipaumbele. Mojawapo lilikuwa RECOVERY, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford. Mshiriki wa kwanza aliandikishwa tarehe 19 Machi 2020, siku 9 tu baada ya rasimu ya kwanza ya andiko lake. Hospitali zaidi ya 170 zilishiriki, na wagonjwa walipangiwa tiba kwa bahati nasibu.

Mwezi Juni majibu yalipatikana. Hydroxychloroquine, iliyotumainiwa na wengi, haikupunguza vifo. Dexamethasone, dawa ya miaka mingi na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine hizo. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa.

Kasi hiyo ilifupisha muda wa kusubiri. Haikuondoa maswali ya dhamiri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2295, inafundisha kwamba jaribio lifanyikalo bila ridhaa ya mhusika, au ya wanaomsemea kihalali, halipatani na hadhi ya mtu.

Basi, mwamini anayeombwa kushiriki utafiti asione haya kuuliza: unatafuta jibu gani, umeidhinishwa na nani, una hatari gani, na je, ninaweza kujitoa? Utafiti uliochaguliwa vema una majibu ya maswali hayo.