Chicago: Fidia Zilizofichua, Fidia Zilizofunika

Raia wa Marekani aliyeteswa na polisi ana njia mbili kuu za kudai haki yake: kupeleka malalamiko yanayoweza kumletea askari adhabu ya kinidhamu, au kufungua kesi ya madai, yaani shauri ambalo mlalamikaji huomba fidia ya fedha na si kifungo kwa mkosaji. Njia ya pili imesimama juu ya sheria ya mwaka 1871, iliyotungwa kukabiliana na ukatili wa kundi la Ku Klux Klan dhidi ya Weusi waliotoka utumwani, ingawa haikuwa na nguvu kubwa dhidi ya polisi hadi mwaka 1961, Mahakama ya Juu ilipoamua, katika shauri la Monroe dhidi ya Pape lililotoka Chicago, kwamba familia ya Weusi iliyovamiwa nyumbani kwake na askari wasio na hati inaweza kuwashtaki askari hao. Majiji yenyewe yaliendelea kukingwa hadi mwaka 1978.

Umuhimu wa njia hiyo ulidhihirika katika sakata la Jon Burge, kamanda wa polisi wa Chicago ambaye, pamoja na askari waliokuwa chini yake, aliwatesa watuhumiwa zaidi ya 100, karibu wote Weusi, kati ya mwaka 1972 na 1991, kwa kuwapiga, kuwafunika vichwa kwa mifuko ya plastiki na hata kuwapitishia umeme, ili wakiri makosa. Alifukuzwa kazi mwaka 1993, lakini ukomo wa muda, yaani kipindi ambacho kikipita mashtaka hayawezi kufunguliwa, ulimwepusha na kesi ya mateso yenyewe. Kilichomfunga ni majibu aliyoyatoa kwa kiapo mwaka 2003 katika kesi ya madai, alipokana kujua lolote kuhusu mateso hayo. Mwaka 2010 alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki kutendeka, akahukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu.

Hata hivyo, kesi nyingi za aina hii huishia kwenye suluhu, ambapo jiji hulipa kwa fedha za walipakodi, mara nyingi bila kukiri kosa, na ukweli ukabaki kabatini. Aprili 2015, baraza la jiji la Chicago liliidhinisha dola milioni 5 kwa familia ya Laquan McDonald, kijana wa miaka 17 aliyeuawa na polisi, hata kabla kesi haijafunguliwa, huku video ya mauaji hayo ikizuiliwa hadi hakimu alipoamuru itolewe mwezi Novemba. Wiki tatu tu baada ya kuidhinisha malipo hayo, baraza lilelile lilipitisha jambo la heshima zaidi: mfuko wa dola milioni 5.5 kwa walioteswa na kundi la Burge, pamoja na kuombwa radhi rasmi na historia yao kufundishwa shuleni. Burge mwenyewe alifariki mwaka 2018, pensheni yake ya polisi ikiwa haijaguswa.