Kidole na sauti: kutoka lukasa mpaka kompyuta

Kuiamuru mashine kwa mdomo huku unaonyesha na kidole si jambo la juzi. Mwaka 1980, kwenye chuo cha MIT kule Marekani, Richard Bolt alieleza mfumo ulioitwa "Put-That-There", maana yake "weka ile pale". Mtu alikaa mbele ya ukuta wenye picha, kifaa kimefungwa kwenye mkono, akaonyesha umbo na kusema. "Ile" na "pale" peke yake ni maneno matupu. Kidole ndicho kiliyajaza. Lakini kidole peke yake hakisemi kama kitu kihamishwe ao kifutwe. Sauti inaleta kazi, kidole kinaleta mahali.

Sasa turudi kwetu. Huku kwa Baluba, ambako Mulongo yetu iko kando ya Lualaba, wazee walikuwa na lukasa zamani sana mbele ya kompyuta. Ni kibao cha mti chenye shanga na alama za kuchonga, kinashikwa na mkono wa kushoto. Mtu wa chama cha Mbudye alipitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga huku akisimulia habari za Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga. Shanga si herufi: ileile iliweza kubeba habari nyingine, kulingana na msimulizi na wanaomsikiliza.

Kweli, kibao hakisikii, hakijibu. Aliyeunganisha sauti na kidole ni mtu mwenye kusikiliza. Lakini kanuni ni ileile: kimoja kikikosa, maana inapungua.

Ndiyo maana jambo hili linatuhusu. Leo lukasa moja iko Brooklyn Museum, New York. Shanga zinaonekana vizuri, lakini msimulizi wake hayuko. Na sisi je? Tunarekodi wazee na telefone, sauti tu. Mzee anasema "walivuka hapa, wakajenga pale", na kesho hakuna atakayejua ni wapi. Hata kwenye shamba ni vile: mkulima akisema "hii inakauka juu ya maji ya pale", bila mkono wake haujaelewa kitu.

Basi, wadogo, mukienda kwa wazee likizo hii, mufungue video. Mushike na mkono wake pia, si mdomo tu.