Lazaro Yuko Mlangoni Petu



Vijana wetu wa Musoma na Bunda wanapopanga chumba chao cha kwanza hukiita geto. Hulitamka neno hilo kwa furaha, maana kwao ni dalili ya kujitegemea. Lakini neno lenyewe lina historia ya machozi. Lilitoka katika mji wa Venice, Italia, ambako mwaka 1516 Wayahudi waliamriwa kukaa katika eneo moja lililofungwa malango yake usiku. Mwaka 1555 Papa Paulo wa Nne akaamuru vivyo hivyo kwa Wayahudi wa Roma. Twalikiri jambo hilo kwa haya, kwani latufundisha kwamba hata mikono inayoinuliwa kusali yaweza kujenga ukuta.

Nchini mwetu ukuta ulijengwa kwa namna nyingine. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliigawa miji kwa kanuni za ujenzi. Dar es Salaam ilikuwa na kanda tatu. Kanuni hazikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba. Aliyeweza kujenga kwa mtindo wa Kizungu alipata kiwanja kikubwa, upepo na barabara. Mwenye nyumba ya udongo na makuti alipelekwa kwingine. Ndipo tulipopata majina ambayo hata leo hayajatutoka: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Shule nazo zilitengwa. Mwaka 1934 mtoto wa Butiama, Kambarage Nyerere, alipoanza masomo huko Mwisenge, Musoma, aliingia shule ya Waafrika. Watoto wa Kizungu na wa Kihindi walikuwa na shule zao. Utengano huo wa shule uliondolewa mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru.

Je, sheria ilipokufa, ukuta nao ulianguka? La. Watu walimiminika mijini kwa wingi kuliko viwanja vilivyopimwa, na asiyepata kiwanja alijenga alipoweza, bondeni au juu ya mawe. Hapo awali Serikali ilibomoa nyumba duni na kujenga mpya kwa mkono wa Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962. Ikaonekana kwamba kubomoa kunakula fedha nyingi na kuongeza nyumba chache. Tangu mwaka 1972 njia ikabadilishwa: wakazi waachwe walipo, waletewe maji, barabara na mifereji, kama ilivyofanyika Manzese, na wengine wapewe viwanja vilivyopimwa wajijengee wenyewe, kama Sinza. Baadaye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaweka leseni ya makazi, ili mnyonge asilale kila siku na hofu ya kufukuzwa.

Njia hiyo ni njema, ila haitafika mwisho ikiwa ukuta umebaki ndimini mwetu na moyoni mwetu. Tukitaka kumdharau mtu, twasema ana tabia za uswahilini. Twasahau kwamba huko ndiko atokako fundi aliyetujengea, mama anayetuuzia dagaa, na kijana anayebeba mizigo yetu sokoni.

Tumkumbuke yule tajiri katika Injili ya Luka, sura ya 16. Hatuambiwi kwamba alimpiga Lazaro, wala kwamba alimfukuza. Kosa lake ni kwamba Lazaro alilala mlangoni pake, naye akaendelea kula. Lango lile la duniani ndilo lililogeuka shimo kubwa lisilovukika.

Basi, ndugu zangu, tutende. Mtaa wetu unapopimwa, tukubali kupoteza hatua chache za uwanja ili barabara na bomba la maji vipite. Tuliopewa madaraka ya kugawa viwanja tusiwatazame jamaa zetu kwanza. Tulio na vyumba vya kupangisha tusipokee kodi ya chumba kisicho na choo. Na watoto wetu tuwaache wacheze na watoto wa ng'ambo ya barabara, wajue majina yao.

Ukuta uliojengwa na wanadamu waweza kubomolewa na wanadamu, Mungu akiwasaidia. Lazaro yuko mlangoni petu. Tumfungulie kungali mchana. Amina.