Zimebaki wiki mbili upande ulingoni Unguja? Mambo 9 ya kufanya na ya kuacha

Umepigiwa simu na kocha: jina lako limeingia kwenye orodha, pambano ni baada ya siku 14. Moyo unakwenda mbio. Ukijiangalia kwenye kioo unaona kitambi kidogo, na ukikumbuka mazoezi ya juzi, raundi ya pili pumzi ilikata. Wazo la kwanza linalokujia ni kukimbia asubuhi, mchana na jioni mpaka siku yenyewe.

Subiri kidogo, ndugu msomaji. Hapo ndipo vijana wengi wanapoteza pambano kabla hata ya kengele kulia.

Ngumi zilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1964, enzi za Mzee Abeid Amani Karume. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 60 mpaka Rais Hussein Ali Mwinyi alipofungua mlango, na mwaka 2023 mapambano yakarudi hadharani hapa Unguja. Kwa hiyo kuna kizazi kizima kilichokua bila kuona ulingo nyumbani. Kijana wa Bara anaweza kuwa na baba au mjomba aliyecheza ngumi akamwambia nini hufanywa wiki ya mwisho. Wa kwetu wengi hawana. Makala haya ni kwa ajili yao.

1. Kubali kwamba pumzi mpya haipatikani tena

Mazoezi mazito unayofanya leo mwili hauyalipi kesho. Unahitaji siku kadhaa, mara nyingi wiki moja hadi mbili, kupona na kupata faida yake. Ukijiua kwa mazoezi siku tatu kabla ya pambano, utapanda ulingoni na uchovu tu. Faida itakuja wakati mwenzako keshapewa medali.

Kazi yako sasa ni mbili: kulinda pumzi uliyonayo na kufika siku hiyo ukiwa mzima. Wakufunzi wa michezo hupunguza wingi wa mazoezi kwa karibu nusu katika wiki mbili za mwisho, ila kasi wanaiacha palepale. Yaani unafanya machache, lakini kwa nguvu ileile.

2. Jua unajiandaa kwa dakika ngapi

Ngumi za ridhaa kwa wakubwa ni raundi 3 za dakika 3, na mapumziko ya dakika 1 kati yake. Jumla ni dakika 11, na ndani yake dakika 9 ndizo za kazi. Kukimbia polepole saa moja na nusu hakufanani na hilo hata kidogo.

Badala yake, piga begi au pedi kwa mtindo uleule: dakika 3 kwa kasi ya pambano, pumzika dakika 1, rudia. Raundi 4 mpaka 6 zinatosha. Kama huna begi, ruka kamba na upige ngumi za hewani kwa saa hiyohiyo. Simu uliyonayo mkononi ina kengele, itumie.

3. Kimbia, lakini kwa akili

Mara tatu kwa wiki, dakika 20 mpaka 30, zinatosha. Toka baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda. Njia ya Forodhani, Shangani mpaka Mnazi Mmoja na Maisara ni nzuri wakati huo kwa sababu upepo wa bahari unakupoza na magari bado machache.

Epuka kukimbia kwa kasi kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Kona haionekani, vespa inatokea ghafla, na mawe yakilowa yanateleza. Kifundo cha mguu kikigeuka, safari imeishia hapo. Kwa walio Nungwi au Jambiani, kimbieni maji yakiwa yametoka, kwenye mchanga mgumu. Mchanga mlaini unaumiza misuli ya nyuma ya mguu kama hujauzoea, na wiki mbili hazitoshi kuuzoea.

4. Joto la Unguja ni mpinzani wa pili

Msimu wa kaskazi, hasa Desemba mpaka Machi, joto letu lina unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, kwa hiyo mwili haupoi. Mwili huhitaji siku 7 mpaka 14 kuzoea kufanya kazi kwenye joto. Kama umetoka kufanya mazoezi kwenye jimu yenye kiyoyozi, anza leo kufanya sehemu ya mazoezi nje, jioni, dakika 20 kwanza, uongeze taratibu. Usiende saa 8 mchana ukidhani unajikaza. Hapo unajiumiza.

5. Uzito: hapa ndipo watu wanapokufa

Soma sehemu hii mara mbili.

Tuseme umeandikiwa kilo 63.5 na mzani unasema 67. Una kilo 3.5 za ziada, zaidi ya asilimia 5 ya mwili wako. Rafiki atakwambia: "Vaa koti la nailoni, kimbia juani, acha maji siku mbili, zitatoka zote." Ni kweli mzani utashuka. Kilichotoka lakini ni maji tu. Mafuta yako palepale.

Ukipoteza maji ya asilimia 2 tu ya uzito wako, pumzi na nguvu huanza kushuka. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kilo 1.2, inaweza kutoka kwenye zoezi moja la mchana. Ukiendelea, damu inakuwa nzito, moyo unakimbia, figo zinaumia, joto la mwili linapanda. Kisha unakwenda kupigwa ngumi za kichwa ukiwa katika hali hiyo.

Mwaka 1997 nchini Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walifariki katika wiki chache, kila mmoja akijaribu kushusha uzito kwa kujikausha. Walikuwa vijana wenye afya, wenye makocha na vifaa. Baada ya hapo vyuo vya huko vilipiga marufuku mavazi ya mpira na vyumba vya mvuke kwa ajili hiyo.

Fanya hivi:
- Jipime kila asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula. Andika.
- Ziada ikiwa kilo 1 mpaka 1.5, itashuka kwa chakula: punguza sukari, soda, vya kukaanga na chumvi nyingi.
- Ziada ikiwa kilo 3 au zaidi na siku zimebaki chache, mwambie kocha akupandishe daraja. Katika Olimpiki ya Paris 2024 wanaume waliocheza juu ya kilo 63.5 waliingia daraja la kilo 71. Kupanda daraja si aibu.
- Vidonge vya kukojoza usiguse. Ni hatari, na pia vimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni. Ukipimwa, unafungiwa.

6. Kula vya nyumbani

Huhitaji unga wa bei kali wa dukani. Asubuhi uji wa mtama na mayai. Mchana wali mweupe au mihogo ya kuchemsha, samaki wa kuchoma au mchuzi mwepesi, na mboga. Jioni viazi vitamu au ndizi na maharage. Kati ya milo, matunda na dafu.

Urojo tunaupenda wote, lakini wenye bajia, kachori na chipsi za muhogo ndani yake uache mpaka baada ya pambano. Na siku mbili za mwisho usijaribu chakula kipya wala kula barabarani kitu kilichokaa. Tumbo likivurugika usiku wa mwisho, hakuna kocha wa kukusaidia.

Pambano likiangukia karibu na Ramadhani, zoezi jepesi liweke kabla ya kufuturu na zito baada ya tarawehe, na unywe maji kidogo kidogo mpaka daku. Zungumza na kocha mapema kuhusu hilo, asikupangie ratiba ya miezi mingine.

7. Acha kupigana kwa nguvu siku 10 kabla

Mazoezi ya kupigana na mwenzako kwa nguvu yafanye mara ya mwisho siku 10 kabla ya pambano. Baada ya hapo ni pedi, begi, na kucheza kwa kugusana tu. Mkato juu ya jicho unaweza kukuzuia kucheza, na kichwa kilichotikiswa kinahitaji muda.

Kama umepigwa mazoezini ukapoteza fahamu hata kwa sekunde, au tangu siku hiyo unaumwa kichwa, unatapika, unaona ukungu au unasahausahau, pambano limekwisha kwako. Nenda hospitali. Kanuni za ngumi za ridhaa humsimamisha bondia aliyeangushwa kwa ngumi ya kichwa kwa angalau siku 30, na kipigo cha mazoezini hakina tofauti na cha ulingoni. Ubongo haujui kama kulikuwa na watazamaji.

8. Ratiba ya siku 14 kwa ufupi

Siku ya 14 mpaka 10: mazoezi ya kawaida, pigana kwa nguvu mara moja au mbili, kisha basi.

Siku ya 9 mpaka 5: punguza muda kwa theluthi moja. Raundi chache, kasi ileile. Pumzika siku moja kamili.

Siku ya 4 mpaka 2: dakika 25 mpaka 30 tu. Kamba, ngumi za hewani, pedi raundi 2 au 3. Umalize ukiwa na hamu ya kuendelea.

Siku ya mwisho: tembea, jinyooshe. Kata kucha, panga bandeji za mikono, kinga ya meno, viatu na kitambulisho. Lala mapema. Usiku huo usingizi ukigoma usihofu. Uliolala siku tatu kabla ndio unaokubeba.

9. Siku yenyewe

Asubuhi kuna mzani na daktari. Daktari usimdanganye. Kama una homa au kichwa kinauma, sema.

Ukishuka kwenye mzani, kunywa maji kidogo kidogo, usigugumie. Maji yenye chumvi na sukari ya ORS ni bora zaidi. Mlo wako mkubwa uwe saa 3 mpaka 4 kabla ya kupanda: wali au boflo na asali, yai, ndizi. Saa moja kabla, tende mbili tatu zinatosha.

Kaa kivulini. Weka kitambaa chenye maji shingoni. Pasha mwili dakika 15, si zaidi kama kuna joto, mpaka jasho lianze tu.

Raundi ya kwanza usimwage zote. Toa pumzi kila unaporusha ngumi. Wanaobana pumzi ndio wanaochoka kwanza. Kwenye kona, kaa, vuta pumzi ndefu puani, sukutua na kunywa funda moja, sikiliza neno moja la kocha. Ukianza kuona giza au miguu haikusikii, mwambie. Taulo linaloingia ulingoni leo linakupa pambano lingine kesho.

Kwa nini tunasisitiza hivi

Ridhaa si mchezo mdogo. Michael Yombayomba aliiletea Tanzania dhahabu ya Jumuiya ya Madola Kuala Lumpur mwaka 1998, na Yusuf Changalawe akaleta shaba kutoka Birmingham mwaka 2022. Wote walipitia njia hii hii. Kijana wa Kikwajuni au Bububu naye anaweza.

Lakini mchezo wetu hapa Unguja bado mchanga, na wapo wazee wanaoutazama kwa wasiwasi. Kijana akifia kwenye koti la nailoni akikimbilia mzani, msiba utakuwa wa nyumba yake, na ngumi nazo zitarudi mahakamani. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kama huko tayari, mwambie kocha leo: "Nipe pambano lijalo." Hakuna atakayekucheka, na akicheka, yeye siye atakayepigwa.

Una rafiki aliyeandikiwa pambano? Mtumie makala haya kabla hajaanza kujikausha.