Vita vya Maji Maji: Kilwa na Umatumbi, 1905–1907

Chanzo kilikuwa pamba. Julai 1905, kwenye vilima vya Nandete, Wamatumbi waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima chini ya jicho la akida, wakala wa serikali ya Wajerumani, kwa ujira usiofaa kitu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji yaliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ndiyo kwanza vinapamba moto.

Mwafrika na Mjerumani hawakuwa peke yao vitani. Maduka ya wafanyabiashara wa pwani yalichomwa Samanga. Maakida na majumbe walisakwa. Na askari walioshika bunduki za serikali, wengi wao walikuwa Waafrika. Kilwa Kivinje, makao ya wilaya ya Wajerumani, wapiganaji walinyongwa kwenye mwembe. Mahali hapo mpaka leo panaitwa Mwembe Kinyonga.

Njaa iliua kuliko risasi, maana jeshi lilichoma maghala na mashamba kwa makusudi. Makadirio ya waliokufa kusini nzima ni kati ya 75,000 na 300,000. Upande wa Liwale, mahame yalimezwa na pori, tembo wakarudi.